Majivu Niliyoyafagia

Mwaitu, mama yangu,

Najua hukujua kusoma. Nitaibeba barua hii mpaka kwenye kaburi lako niisome kwa sauti, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia. Baba haniongeleshi, na ana haki.

Mama, nimeharibu mbegu zako.

Niache nieleze polepole. Tulipokuzika, kabati lako lilibaki limefungwa, lile alilokuchongea Baba kwa mbao za masanduku. Hakuna aliyeligusa. Buibui walitanda, panya wakatafuna mguu mmoja, na kila nilipopita mbele yake nilikusikia: "Wewe Mutheu, wacha kabati yangu!" Kisha nikaambiwa mke wa mwalimu na akina mama wa kanisa watakuja kutupa pole. Nikaona aibu. Si unajua kiburi changu cha usafi tangu niingie darasa la misheni? Ulikuwa ukinicheka kwamba nitaoga mpaka nimalize ngozi.

Basi nikalifungua. Nilikuta shanga zako, shuka lako kuukuu, na ile sindano uliyoitafuta mwaka mzima ukinilaumu mimi. Nilikaa chini nikalia na sindano mkononi. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na vibuyu vyako vinne, vyeusi kwa moshi. Ndani yake kunde, pojo, mbaazi na mtama, vyote vimezama kwenye majivu. Mimi nikaona uchafu tu.

Nilivikung'uta. Majivu nikayafagia, nikayamwaga jalalani nyuma ya zizi la mbuzi. Mbegu nikaziosha kwa maji mara tatu mpaka zikang'aa, nikazianika, lakini wageni walikuwa njiani na wingu likatanda, nikazianua kabla hazijakauka vizuri. Nikazitia kwenye mikebe mipya ya biskuti kutoka dukani Migwani, nikafunga vifuniko kwa nguvu. Vibuyu nikavichoma kuchemshia wageni chai. Kabati nikalipaka chokaa. Mke wa mwalimu alilitazama akasema, "Hii ndiyo nyumba ya Mkristo," na mimi nikafurahi, Mama. Nilifurahi sana.

Uliniambia jivu ni blanketi ya mbegu. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Ngurumo ya kwanza iliposikika, Syombua jirani yetu alikuja na kibakuli chake kuomba mbegu, kama anavyokuja kila mwaka. Nikatoa mkebe kwa madaha. Nilipofungua, harufu ilinipiga usoni. Kunde zilikuwa zimeshikana na kuota ukungu. Nikafungua wa mbaazi, nikakuta unga, na fukusi wanatembea juu yake. Mikebe yote ilikuwa hivyo. Syombua alifunika kibakuli kwa shuka lake ili nisikione kitupu, akaenda zake. Baba alichungulia akauliza, "Ulifua mbegu kama nguo?" Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yangu hayakungoja. Usiku na mchana naukumbuka ule mwaka wa nzige, walipokula mpaka nyasi za paa. Sisi tulilia njaa, na mbegu zilikuwa humo kabatini, hatua tatu kutoka jikoni. Hukuzipika. Ulitoka nje ukasimama ukiipa nyumba mgongo mpaka tuliponyamaza. Nilikuchukia siku ile, Mama, nisamehe. Mvua iliporudi ulipanda, ukawagawia na majirani. Ulichokinyima vinywa vyetu, mimi nimekiua kwa maji safi.

Sasa mvua imenyesha. Mashamba ya wenzetu yameanza kutoa majani, letu ni jekundu, tupu. Majirani wote wamepanda kila walichokuwa nacho, hakuna wa kuombwa. Mdogo wangu Kavata ameniuliza tutapanda nini. Nilikwenda nikaliegemea lile kabati jeupe nikalipiga kwa kichwa. Natamani ungetoka huko uliko unichape.

Lakini jana asubuhi nilikwenda kumwaga taka, nikaona kijani jalalani, pale pale nilipoyamwaga majivu yako. Kunde, Mama! Miche sita ya kunde na miwili ya pojo. Nilipokung'uta vibuyu kwa haraka, punje chache zilitoka pamoja na majivu, na hayo majivu yakazitunza. Nilipiga magoti kwenye taka nikalia kama mtoto. Mbuzi mmoja alikuwa ameshaanza kunusa.

Nimeizungushia miiba. Syombua amenisaidia, akachomwa kidole, akakutaja jina. Nakuandikia nikiwa nimekaa kati ya miche hii na zizi. Haitatulisha. Ikizaa, itajaza kiganja, na najua miezi inayokuja itakuwa mibaya sana.

Kwaheri, Mwaitu. Nakuahidi, sitachuma jani hata moja la mboga hapa. Maganda yakikauka nitatafuta kibuyu, nitazilaza punje zako kwenye majivu, na msimu ujao Syombua hatarudi na kibakuli kitupu. Kavata atalia, najua. Nikishindwa kumtazama nitatoka nje, nisimame pale uliposimama, niipe nyumba mgongo.

Binti yako,
Mutheu