Jioni Ambazo Okemwa Hakusoma

Keumbu,
Jumapili, tarehe 16 Januari 1955

Kwa ndugu yangu mpendwa Makori,

Kabla hata sijakuamkia nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana nikianza na salamu najijua, nitaishia kwenye salamu. Sikumfundisha Okemwa. Zile jioni zote za miezi miwili kabla ya mtihani wake, ambazo Baba alikuandikia kwa furaha, mdogo wetu hakusoma nami hata ukurasa mmoja.

Sasa nakusalimu. Hujambo huko chuoni, na ualimu unaendaje? Kile kifua kimekuacha? Sisi huku hatujambo, isipokuwa Bibi Nyangate anayelaumu magoti yake kila wingu likipita. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na wimbi tumeanza kupanda. Okemwa mwenyewe ametoka jandoni wiki iliyopita, naye anatembea polepole mikono nyuma, kama mzee anayekwenda barazani kuamua kesi.

Barua yako niliipata Jumatano. Uliniomba nikuandikie kwa Kiswahili, ili wenzako wasiotoka kwetu nao waelewe, njia niliyotumia kumsomesha Okemwa nyumbani hata akawa wa kwanza katika mtihani wa kuingia darasa la tano, nawe utaisoma mbele ya walimu wanafunzi wote. Nimekaa na kalamu siku nne. Njia yenyewe ni hii.

Ulipoondoka Septemba, Baba alirudi kutoka Mosocho na habari kwamba watoto wa huko wanasomeshwa nyumbani hadi giza, na ndiyo sababu wanajaza nafasi zote za darasa la tano. Akaniagiza kwamba kila jioni, ng'ombe wakishafungwa, nimkalishe Okemwa ndani ya esaiga, hii nyumba yangu ya kijana, nimsomeshe hesabu na kusoma mpaka Mama atuite kula. Waeleze wenzako kwamba kwetu baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyekwisha kutahiriwa. Ni aibu kwake na kwa mwanawe. Kwa hiyo Baba alikuwa anakuja mpaka uani, anasimama karibu na ghala, anakohoa, kisha anasikiliza.

Siku ya kwanza Okemwa aliingia, akaegemea ukuta, akalala na kibao cha kuandikia mapajani. Alikuwa ametoka shule, akachunga, akachota maji. Nilimtikisa, akaniuliza kama kumekucha. Nje Baba akakohoa, akauliza mbona kimya. Unanijua nilivyo, mbele ya Baba ulimi wangu huwa kama wa kuazima. Nikauliza kwa sauti kubwa saba mara nane ni ngapi, kisha nikabana pua na kujibu kwa sauti nyembamba ya Okemwa kwamba ni hamsini na sita. Baba akasema vizuri, endeleeni. Basi nikaendelea.

Baada ya wiki moja nikawa fundi. Nilijifunza hata kukosea kama yeye, maana mtoto asiyekosea kamwe angemtia Baba wasiwasi. Nikajikaripia, nikajiomba msamaha, nikajisamehe. Okemwa siku nyingine alilala, siku nyingine alipita mlango mdogo wa nyuma kwenye migomba, akaenda kupiga mpira wa majani makavu na Zilpa, binti ya Ouma fundi cherehani. Jioni moja alikwenda jikoni. Aliniambia baadaye kwamba Mama alikuwa anamchomea hindi, huku Okemwa mwingine akisikika ndani ya esaiga akisoma taratibu hadithi ya sungura. Mama alisikiliza kidogo, akamtazama aliyekaa mbele yake, akamwongezea hindi la pili. Hajaniuliza neno mpaka leo.

Mwezi wa Oktoba tulikutana njiani na Mwalimu Odero. Alimwambia Baba kwamba asubuhi nusu ya darasa lake husinzia, na zaidi wale wanaokalishwa na vitabu hadi giza, lakini Okemwa yuko macho kama mwizi wa asali, na asipoelewa anauliza papo hapo. Baba akajibu kwamba hiyo ndiyo faida ya masomo ya jioni. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba mkungu wa ndizi. Nilizitazama ndizi zangu.

Matokeo yalipokuja, uliyasikia. Tangu hapo Baba haachi mtu apite. Sabato baada ya ibada anawakusanya wazazi uani kwa kanisa, anawaeleza jinsi alivyosimama karibu na ghala akisikia kwa masikio yake mtoto anavyoiva siku kwa siku. Kesho ni mkutano wa wazazi shuleni. Atasimama na kutaka kila mtoto wa darasa la nne asomeshwe nyumbani kila jioni, na wale wasio na mtu wa kuwafundisha waletwe kwangu. Wazazi kumi na wanne wamekwisha kukubali. Watamfuata, kwa maana Baba hajawahi kuwadanganya.

Ouma hakungoja mkutano. Zilpa anaingia darasa la nne mwezi huu, na tangu Krismasi hajaonekana akicheza. Juzi nilimkuta mtoni, nikamuuliza habari za nyumbani. Akanijibu sabini na mbili. Mimi nilicheka, lakini yeye hakucheka. Aliniuliza kama amekosea.

Ndugu yangu, mimi ni mtu wa kuogopa, ila hili nalisema bila kutetemeka. Mtoto wa umri ule aliyesoma kutwa nzima kwa mwalimu mzuri amekwisha kusoma. Kilichobaki jioni ni kula, kucheza na kulala, ili kesho asikie anachofundishwa. Kama kuna kitu kimoja hakukielewa, aonyeshwe hicho kimoja. Bitutu, mdogo wetu mwingine, alishindwa kugawanya, tukakaa na maharagwe alasiri moja, akaelewa, akayarudisha maharagwe chunguni. Hayo yalitosha.

Utaniuliza kwa nini sikumwamsha tu Okemwa siku ile ya kwanza. Hapo ndipo kalamu ilipokwama siku nne.

Mwaka wa mtihani wangu mimi, mwalimu wangu wa jioni ulikuwa wewe. Ulikuwa na nia njema, nami nilikupenda kuliko mtu yeyote. Kwa kila kosa ulinigonga utosini kwa kidole ukasema, tena. Siku ya mtihani nilifungua karatasi, na hesabu zote nilizijua, lakini kila nilipotaka kuandika nilisikia sauti yako ikisema, tena. Ukurasa wa mwisho niliuacha mweupe. Nilirudi nyumbani nikitetemeka, mkasema ni malaria, mkanifunika mablanketi mawili, na wewe ukakaa karibu nami usiku kucha. Haikuwa malaria. Nilipita nikiwa wa mwisho katika waliopita, na mpaka leo mtu akiniuliza jambo ninalolijua vizuri, kichwa changu hungoja kidole. Okemwa alipolala na kibao mapajani, niliinua mkono nimgonge utosini. Mkono ukabaki hewani, nikaushusha.

Usiache ualimu kwa ajili ya haya. Soma barua hii mbele ya wenzako kama ulivyotaka, mpaka mwisho. Utakuwa mwalimu mzuri ukiisoma.

Nasikia miguu ya Baba ikitoka zizini. Anakuja kuniuliza watoto kumi na wanne watakaa wapi. Nimeanza kuisukuma karatasi chini ya ngozi ninayolalia, kisha nimeirudisha mezani. Yeye hawezi kuingia humu, kwa hiyo ni lazima mimi nitoke. Kwa mdomo sitaweza kumwambia, lakini Kiswahili anakisoma, polepole, akifuatisha kwa kidole, na jua bado lipo. Nitampa karatasi hizi zote kabla ya kuzitia katika bahasha, na nitasimama mbele yake mpaka amalize. Heri aaibike hapa uani, mbele yangu peke yangu, kuliko Zilpa na wenzake wakalipe aibu hiyo mwaka mzima. Barua hii ikikufikia, ujue Baba ameisoma kwanza.

Mama anakusalimu, Bibi pia, na Bitutu. Okemwa anauliza kama huko mpira wa ngozi unapatikana. Baba amekwisha kukohoa. Natoka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Josiah Machogu