Nilidhani Machibya Ametia Mchanga Kwenye Kompyuta

Mwangaluka, Bibi Milembe mpendwa. Mimi ni Rhoda wa Kasoli, nakuandikia macho yamevimba, nisaidie. Tangu makampuni binafsi yaruhusiwe kununua pamba ofisi yetu ina kompyuta, na mchumba wangu Machibya anaitengenezea programu ya mizani, mimi kazi yangu ni kuijaribu, naiambia iandike kiasi fulani halafu naangalia nafasi kwenye diski imepungua kiasi gani, lazima vilingane, sasa havikulingana, diski ililiwa kuliko tulichoandika, nami nimekulia kwenye vituo vya pamba, uzito ukizidi najua kuna mtu katia mchanga kwenye pamba, nikamwambia meneja mbele ya watu kwamba Machibya anaficha vitu vyake humo, akasimamishwa kazi, ingawa alinisihi, "Rhoda, faili likiwa bado linaandikwa mashine hulishikia nafasi mapema, lifunge kwanza ndipo upime," sikumsikiliza, jana nimelifunga, nafasi iliyozidi imerudi yote, na Jumatatu anafukuzwa, nikisema nitachekwa ofisi nzima, nikinyamaza si atapata kazi kwingine?

BIBI MILEMBE ANAJIBU:

Rhoda ng'wanawane, mwanangu, pole. Sasa futa kamasi unisikilize.

Barua yako nimesomewa. Kompyuta sijawahi kuigusa, ila ghala nalijua. Wanunuzi hawa wapya, kabla pamba haijafika kila mmoja anatandaza magunia matupu kwenye kona yake, mwenzake asimuwahi. Ukichungulia mlangoni utasema ghala limejaa. Limejaa nini? Jioni anakunja yaliyobaki, sakafu inaonekana tena. Wewe ulichungulia ukapiga yowe la mwizi.

Na mwanaume wa watu alikuambia! Ulikuwa unawahi wapi?

Unaogopa kuchekwa. Chekwa. Mimi wananicheka kila Jumapili nikiimba kanisani, na nyumbani nakula nashiba. Jumatatu, meneja hajakaa, simama palepale uliposimama, mbele ya walewale, useme, "Nimekosea mimi, si Machibya." Ulijaze faili wakiona, ulifunge wakiona. Na jaribio lako usilifute kwa aibu, watia mchanga wa kweli wapo. Litengeneze: kilichoandikwa kipimwe peke yake, nafasi iliyoshikwa peke yake, usidai vilingane faili likiwa wazi.

Kwa Machibya nenda leo. Unamwita mwizi, yeye anakufundisha kupima! Huyo usimpoteze kizembe. Akikataa kukusamehe, njoo kwangu Zagayu. Nitakupikia ugali, nitakukumbatia, na nitamtetea yeye.