Fundo la Nyasi Kando ya Mtego

Mama yangu, shikamoo.

Mgongo umetulia? Na maharage ya Ryansoro, mvua imeyaacha? Mimi na Rehema tu wazima. Baba Rehema yu hai, na hilo nalitanguliza kwa sababu najua habari imeshakufikia kwa mdomo wa shemeji Yona, na mdomo wa Yona hauna mlango.

Anasema jirani yetu, Mzee Karoli, alimchimbia Baba Rehema shimo. Mama, ule ni mtego wa nguruwe pori wanaovuka Ruvubu kula mihogo yetu. Kule kambini Tanzania, mtego kwetu ulikuwa kopo la kunasia panya. Huku Mwakiro ni shimo la kumzidi mtu kimo, limefunikwa majani, na chini imesimamishwa miti iliyochongwa. Anayelichimba hufunga nyasi mafundo mawili, moja kila upande, ili watu wapite mbali. Wenyeji wanalijua hilo tangu wananyonya. Kwetu sisi wa kambini, nyasi zilizofungwa zilisema: hapa pana mwenyewe, usijenge.

Baba Rehema alipoyaona mafundo mpakani mwa shamba letu, damu ikampanda.

"Tumerudi juzi tu, wameshaanza kutumega," alisema, akayang'oa mbele ya macho yangu. Moja akamtupia mbuzi. Asubuhi yake akaenda kulima palepale.

Ukelele wake alipotumbukia sitausahau. Mti ulimwingia pajani ukatokea upande wa pili. Karoli ndiye aliyeshuka shimoni akamwinua begani, damu ikimtiririkia machoni. Alipomfikisha juu tu, Yona, aliyekuwa amekuja kututembelea, akampiga Karoli mdomoni kwa mpini wa jembe. Alipoanguka akampiga tena, meno yakamwagika. Nilimvuta Yona shati hadi likachanika. Alinisukuma chini, akaondoka akiapa kurudi na ndugu zake na mapanga.

Jana wazee wa mlima, ndivyo huku wanavyokiita kijiji, walituita. Karoli alisema kwa taabu, taya limevimba:

"Mutego inatoka kwa kutega. Unatega sikio, unangojea. Unatega nyama, unangojea. Lakini bila fundo, hiyo si mutego, hiyo ni kuvizia mutu. Mi niliweka fundo mbili. Nani ametoa?"

Nikasema ni mume wangu. Nikasema pia kwamba Karoli angetuambia kwa mdomo tusingefika hapa, wageni hawazaliwi na desturi za watu. Akainamisha kichwa kukubali.

Baba Rehema yuko hospitali Muyinga mjini, na mguu huenda ukakatwa. Ameshasikia nilichosema. Chakula changu anakula, maneno yangu hayataki, amegeukia ukuta. Inaniuma sana, Mama, lakini sitazika mume na jirani kwa ajili ya nguruwe.

Nisalimie dada mkubwa, shangazi muuza ndizi, na mchungaji aliyetufungisha ndoa.

Sasa nakuomba, barua hii ikifika usiketi. Nenda kwa Yona na ndugu zake kabla hawajaondoka. Fundo ambalo mbuzi hakulila nimelitia humu. Wawekee mkononi. Wakiuliza maana yake, waambie limefungwa na mtu ambaye Yona alimvunja meno, na maana yake ni usipite hapa, utakufa.

Mwanao anayekutegemea,
Mama Rehema