Nilimwambia abonyeze "Endelea"

Lubumbashi, Jumatatu, mwezi wa tatu

Mvua tangu asubuhi, hasira tangu wiki iliyopita. Mvua inapiga mabati ya chumba hiki hadi sisikii vidole vyangu vikigonga herufi. Afadhali. Leo sina hamu ya kumsikia mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya kusafirisha mizigo. Vita vya mashariki vilipokata njia, mizigo ikakauka, ofisi ikafungwa. Siku ya mwisho bosi alisema kila mtu achukue anachoweza kubeba. Wenzangu walibeba viti na feni. Mimi nilibeba kompyuta nane za mkononi ambazo hakuna aliyezitaka, nzito kama matofali, na Windows ya kila moja ilichukua robo saa kuamka, ikiamka.

Moja niliijaribu nyumbani kwa Linux nyepesi, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, uliotengenezwa kwa ajili ya mashine zilizochoka. Iliamka kabla sijamaliza kumenya kitunguu. Hapo nikapata wazo ambalo leo nalilaani: kuwafundisha watu wa mtaa wetu huku Annexe, watu ambao hawajawahi kugusa kipanya. Kanisa likaniazima chumba cha nyuma, Jumatatu na Alhamisi, saa nane mchana. Atakayeweka Linux kwa mkono wake na kumaliza masomo ataondoka na mashine yake.

Walikuja saba. Wa nane alikuja na mashine yake mwenyewe.

Huyo wa nane ndiye Papa Kasereka. Kule Goma, Kivu, alikuwa anauza mafuta ya kupikia na sabuni kwa jumla, na alikuwa na malori mawili. Mji ulipoanguka alikimbia na mke wake hadi Uvira. Pale bandarini, katika msukumano wa kupanda boti, walipotezana. Yeye akajikuta kwenye boti ya kwenda Kalemie, mke akabaki kwenye umati, na simu yao moja tu ilikuwa mkobani mwa mke. Tangu siku hiyo simu hiyo haipatikani, na hajasikia sauti yake. Alifika Lubumbashi juu ya lori la samaki akiwa amekumbatia kompyuta iliyokataa kuamka, na ndani ya kompyuta hiyo ndimo zilimokuwa picha zote za mke wake, Mama Kavira. Alikuwa akitaka picha moja tu inayoonyesha uso vizuri, aichapishe, aipeleke kwa watu wanaotafuta waliopotea.

Haya yote alinieleza siku ya kwanza, amesimama, kofia mkononi. Nikamwambia ni rahisi. Klé ya USB, kijiti cha kuchomeka chenye Linux, inaweza kuiamsha mashine bila kugusa chochote ndani yake, tunafungua diski, tunachukua picha, tumemaliza. Nilisema "ni rahisi" kwa mdomo wangu huu, nikamwambia asubiri siku ya kupata klé.

Sasa sehemu mbaya.

Alhamisi iliyopita niliingia darasani nikiwa nimewaka. Asubuhi mwenye nyumba alikuwa amenipa wiki mbili nitoke. Miaka sita nimekaa kwake. Chumba changu, alisema, kimechukuliwa na familia iliyotoka Kivu, wako wengi na wana haraka. Nilitembea hadi kanisani nikiwatukana kimoyomoyo watu ambao sijawahi kuwaona. Nilipomkuta Papa Kasereka ameshakaa kwenye benchi la nyuma, wa kwanza kama kawaida, sikumwamkia. Niliona Kivu tu. Sikumwona yeye.

Siku hiyo ilikuwa siku ya kuweka Linux. Kila mtu alichomeka klé yake, ukurasa wa kwanza ukatokea. Pale kuna njia mbili: kujaribu, au kuweka kabisa. Na ukichagua kuweka kabisa, mashine inakuuliza kwa Kifaransa kama ufute diski nzima. Kwa zile kompyuta saba za ofisi, jibu lilikuwa ndiyo, futa kila kitu, humo hamna cha maana. Kwa mashine ya Papa Kasereka jibu lilikuwa hapana, hapana kabisa. Nilipaswa kumweka pembeni kabla ya kuanza. Nilijua. Nilikuwa nimeandika hata kwenye daftari langu.

Lakini Mama Ngoie, mmoja wa wale saba, alikuwa ameanza maneno. Mama Ngoie ni wa hapa tangu babu wa babu yake. Analima mahindi nyuma ya mtaa, na haogopi mtu.

"Mama Clarisse, hii Linux yako haiko na Windows ndani? Sasa hii iko kompyuta ya namna gani? Unatupa bintu bya bure njo maana iko bya bure!"

Wengine wakacheka. Mimi nikajibu kwa ukali, naye akajibu kwa ukali zaidi, na huku tunagombana niliwaagiza kwa sauti kubwa: chagueni kufuta diski, kisha bonyezeni "Endelea".

Nyuma yangu nikasikia: "Mama, na miye pia?"

Niliisikia sauti. Niliijua ni ya nani. Sikugeuka.

"Nimesema bote! Endelea!"

Akabonyeza.

Zilipita kama dakika tano. Nilipozunguka kuangalia, nilifika kwenye benchi la nyuma na kuona mstari wa bluu ukitembea polepole kwenye kioo chake, umeshavuka nusu. Nilimnyang'anya mashine, nikaigeuza, nikachomoa betri. Kioo kikafa.

"Iko nini?" aliuliza.

Hapa ndipo ningeweza kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, nilichohitaji ni kupita tu. Badala yake nilisema hivi, mbele ya watu wote:

"Umefuta diski yako! Nani alikutuma ubonyeze? Nilikuambia siku ya kwanza yako hatugusi! Hausikiake?"

"Mama, nilikuuliza."

"Hukuuliza kitu!"

Mama Ngoie akatikisa kichwa. "Bantu ba kule njo vile. Hawasikiake. Banakuja na matata yabo, halafu banaanza kulia."

Nilimwacha aseme. Nitaandika tena ili nijione: nilimwacha aseme.

Papa Kasereka hakulia. Alituangalia mmoja mmoja, akavaa kofia, akatoka kwenye mvua bila mashine yake.

Nilirudi nayo nyumbani nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki. Ijumaa nilikaa nayo mezani nikiichukia. Nilimchukia mwenye nyumba, Mama Ngoie, waliotuletea vita, na Papa Kasereka kwa sababu ya upole wake, maana angenitukana ningekuwa na cha kujitetea.

Diski iliyofutwa haifutiki yote mara moja. Mashine inachana orodha ya vitu, halafu inaanza kuandika vitu vipya juu ya vya zamani, kidogo kidogo. Kile ambacho hakijaandikwa juu yake bado kipo, bila jina wala mahali. Kuna programu ndogo ya Linux inayokwangua diski kipande kwa kipande, ikikuta kitu chenye sura ya picha inakiokoa na kukipa namba. Inachosha. Na inataka umeme usiokatika, jambo ambalo Annexe hatuna. Nilibeba mashine hadi kwa jamaa anayechaji simu za watu kwa sola karibu na barabara ya lami, nikakaa pale Ijumaa mchana na Jumamosi kutwa, katikati ya waya na wateja wanaonikanyaga miguu.

Jumamosi mchana walikuja wanaume wawili wa kanisa la Papa Kasereka, wafanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini kama yeye, mmoja mzee mwenye koti la mvua. Sijui nani aliwaelekeza pale. Hawakukaa.

"Ni weye Mama Clarisse mwenye kufundisha?"

"Ni miye."

"Tumekuja kuchukua mashini ya ndugu yetu."

"Niachieni hadi Jumatatu, papa. Iko inatafuta picha."

Mzee aliangalia kioo, namba zikipita juu yake. "Yeye anasema alikuuliza. Weye unasema hakuuliza. Sisi hatukuwa pale. Lakini huyu papa namujua miaka makumi mbili, na hajawahi kugusa kintu cha muntu bila kuuliza. Hata kiti, anauliza kwanza."

Jamaa wa sola alikuwa anasikiliza, wateja wake pia. Nilisema tu: "Jumatatu, papa." Wakaondoka bila kuaga, na sikustahili kuagwa nao.

Picha zilitoka maelfu. Nyingi zimeharibika: nusu ya juu ni watu, nusu ya chini rangi ya majivu. Malori. Magunia. Ubatizo wa mtoto. Mapipa ya mafuta, harusi isiyo na vichwa, tena malori. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama Kavira, kwa hiyo nilitafuta mwanamke anayejirudia. Nilimpata kwenye picha ya tano au ya sita, halafu nikawa namwona kila mahali, ila daima ameharibika. Nusu ya paji la uso, bega tu, mkono ulioshika sahani.

Jumamosi jioni jua likiwa linashuka na sola inaanza kuchoka, ikatoka moja nzima. Mwanamke mnene kiasi, kitenge cha manjano, amesimama mlangoni mwa duka na anamkasirikia mpiga picha. Uso wote uko pale, hadi alama ndogo chini ya jicho la kushoto.

Nilikaa pale nikimwangalia, naye ananiangalia kwa hasira yake ileile. Nilimwona ana haki.

Leo saa nane walikuja wote, hata Papa Kasereka. Alikaa benchi la nyuma, mikono juu ya meza tupu. Niliweka mashine mbele yake. Halafu nilirudi mbele ya darasa, na kabla ya kuwasha kitu chochote nikasema.

Nilisema alikuwa ameniuliza. Nilisema nilimsikia, nilijua ni yeye, na nilimjibu abonyeze. Nilisema nilidanganya mbele yao kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu siku ile nilikuwa na hasira na watu wa Kivu wote na yeye alikuwa karibu.

Mvua ilikuwa kubwa, ikabidi niseme baadhi ya maneno mara mbili. Kuyapigia kelele maneno ya namna hiyo ni kazi.

Mama Ngoie alisimama. "Kumbe ni weye! Na miye ukaniacha namutukana papa wa bantu bule?"

"Ndiyo, mama."

"Mwee! Hauna haya!"

Baba na binti yake waliokuwa wanakaa dirishani walikusanya vitu vyao wakatoka. Binti aliacha klé mezani. Sikuwazuia.

Papa Kasereka alikuwa ameshafungua mashine. Nilimwendea nimwonyeshe folda, nikanyoosha mkono kwenye kipanya.

"Usiguse."

Nikarudisha mkono.

Alitafuta mwenyewe, kidole kimoja, polepole sana. Alifungua picha moja baada ya nyingine, zile za majivu, zile za malori. Nilisimama hatua mbili nyuma yake kama mwanafunzi aliyefukuzwa. Alipofika kwenye ile nzima aliacha kubonyeza. Kisha akafuta uso kwa kofia, akageuka, akanipita kwa macho kana kwamba mimi ni ukuta.

"Mama Ngoie," alisema, "nibonyeze wapi juu ya kubadilisha jina? Hapa banaandika paka namba tu."

Mama Ngoie, yule yule, alikwenda akaburuta kiti chake hadi pale. Alimwonyesha: bonyeza upande wa kulia wa kipanya, shuka mpaka kwenye "Renommer", andika. Nilimfundisha hayo wiki mbili zilizopita na nilidhani hakusikiliza. Walitafuta herufi K pamoja. Ilipofika V hawakuiona, wakabishana, wakaipata. Mama Ngoie akamwambia, "Nisamehe, papa," akiwa anaangalia kioo. Papa Kasereka akaitika kwa kichwa. Kwa Mama Ngoie alikuwa na nafasi ya msamaha.

Nilimpa picha kwenye klé ili aende kuichapisha. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu ileile, na hilo liliniuma kuliko tusi. Mlangoni alisimama.

"Mama Clarisse. Siku ingine, mbele ya kusema 'bote', geuka kwanza uangalie ni nani iko nyuma yako."

Akaenda. Hakusema kama atarudi.

Sasa nimebaki na mashine, mabenchi na mvua. Alhamisi nitafungua mlango saa nane, na nitaanza somo kwenye benchi la nyuma, mtu kwa mtu, kabla hakijabonyezwa kitu. Hilo naweza kuliahidi.

Ila kuna swali ambalo hakuna aliyeniuliza leo, na nimelikwepa siku nne. Kama sauti ile nyuma yangu ingekuwa ya mtu wa hapa, wa Kambove au wa Kilwa, mtu wa kwetu, ningegeuka?

Ningegeuka.