Nilimtengea Mama Mkwe Bakuli

Mshauri wangu, nisaidie mwenzako, maana nina furaha na aibu kwa pamoja na sijui nianze na ipi. Gari la afya lilikuja kijijini kwetu kuwapiga wazee picha za kifua, zile ambazo siku hizi husomwa kwanza na kompyuta yenye akili mnemba kabla daktari hajaziona, na mama mkwe wangu, ninayeishi naye tangu mume wangu ahamie kazini mji wa Ulsan, akaenda na maringo yake yote, lipstiki juu, halafu muuguzi akanipigia mimi simu kwamba mashine imeweka alama nyekundu kwenye pafu lake la kulia, nimpeleke akatoe makohozi, huenda ni kifua kikuu na huenda si chochote, nami nikaitikia sawa, nikakata simu, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa, na badala ya kumwambia nikaanza kumpakulia mchuzi wa doenjang, ile soya iliyochachushwa, kwenye bakuli lake peke yake, na sisi tangu niolewe tunachovya vijiko kwenye chungu kimoja.

Alilitazama lile bakuli. "Mkwe wangu, nimekuwa mgeni hapa au mbwa?"

"Ni usafi tu, Mama. Kwenye televisheni wanasema."

"Dada yangu naye walimtengea bakuli hivi hivi. Wakasema usafi. Akafia ghalani."

Mshauri, hata hapo sikumwambia. Muuguzi alipoona kimya akaja mwenyewe akamchukua, na majibu yametoka: si kifua kikuu, ni nimonia iliyojificha bila homa, anatumia dawa na kikohozi kimekwisha. Nililia pale zahanati mpaka yeye akanicheka, "Mgonjwa nani hapa, mimi au wewe?" Lakini kila jioni anachukua bakuli lake kabla sijapakua, anaenda kula karibu na mlango, wala hanilaumu. Nimrudisheje mezani bila kumwambia kwamba nilijua?

Noh Mi-ran, Yeongyang

Mi-ran, kwanza pumua. Mama yu mzima, na hilo ndilo kubwa. Hata mimi nimefurahi.

Sasa kaa nikuseme. Mashine haikusema mama ana kifua kikuu. Ilisema angalieni hapa, na pale palikuwa na kitu kweli. Daktari alifanya kazi yake, muuguzi naye yake, ukabaki wewe. Na kifua kikuu huambukiza kwa hewa ya anayekohoa, si kwa kijiko! Ulimnyang'anya mama chungu, ukaacha madirisha yamefungwa. Kingekuwa kifua kikuu kweli, wote wawili mngekuwa taabani huku wewe unasugua bakuli.

Hofu naijua, sikucheki. Ila kumrudisha kimya kimya sikufundishi. Mama aliyemzika dada yake anajua bakuli lile lilikuwa na maana gani. Usimtume mumeo, wala usimnunulie mizizi ya ginsengi ya kumbembeleza.

Leo weka chungu kimoja na vijiko viwili, na kabla hajafika kabatini kuchukua bakuli lake mwambie, "Mama, nilipigiwa simu, nikaogopa, nikakuficha habari. Nisamehe." Basi, usiongeze neno. Atakutukana, na sasa mapafu ya kutukania anayo. Acha amalize. Halafu akikunja jani la kimchi, ile kabichi ya pilipili, kwa vidole vyake akakuletea mdomoni, usiulize kama amenawa. Fungua mdomo, ule.