Maji Yatembee, Yasikimbie

Baba yangu mpendwa,

Mama amenikataza kukuandikia nikiwa nalia. Kwa hiyo naanza na siku ile Elia alipokuja Kasulu kujitambulisha.

Ulikuwa umeshaniambia kwenye simu kwamba mwanaume ambaye kazi yake huielewi hapewi binti yako. Ukamsubiri sebuleni umevaa koti la Pasaka, umekunja uso. Mimi nilikuwa nimemfundisha "Mwakeye," nikasahau kumwambia ni salamu ya asubuhi. Akaitoa saa kumi jioni, ameinama mpaka tai ikagusa meza. Badala ya kuitikia, ukamuuliza:

"Unalima nini huko Tanga?"

"Napanda matumbawe, Baba. Baharini."

"Yanaliwa?"

"Hapana."

"Yanauzwa?"

"Hapana, Baba. Ukiyauza unakamatwa."

Mama akakimbilia jikoni. Nilijua anacheka.

Elia, kwa woga, akazidi kueleza. Akasema tumbawe ni mnyama.

"Ana miguu?"

"Hana. Anashika mwamba, anakaa hapohapo maisha yake yote."

"Anakulaje?"

"Anafungua vinywa vyake, anasubiri maji yamletee chakula."

Ukageuka ukamtazama kaka Yona, aliyekuwa amelala kwenye kochi tangu asubuhi. "Kumbe na mimi nafuga mmoja."

Hapo nikaona angalau unasikiliza. Elia akaeleza kwamba maji yakisimama, tumbawe hufunikwa na utando mwembamba wa maji yaliyochoka. Chakula na hewa haviingii vizuri, na uchafu wake hautoki. Maji yakipita, utando ule hupungua, naye hula, hupumua na kukua. Akasema hata umbo hubadilika: palipo shwari huota matawi marefu membamba, penye mawimbi huwa manene na mafupi.

"Kama sisi watu wa milimani," ukasema. Kisha ukaaga unakwenda kujisaidia.

Hukwenda kujisaidia, Baba. Ulichukua jembe ukaenda bwawani kwako, ambako perege walikuwa wakiamka kila siku wanatweta, midomo juu ya maji ya kijani. Ulikuwa umesikia nusu ya somo, ukaona inatosha. Ukafungua mfereji wa juu wote, ukabomoa na ukingo wa chini.

Tuliyajua hayo kwa sauti ya jirani yetu, Mzee Ntakije: "Jamani! Samaki kwenye mihogo yangu!"

Elia alitoka mbio na suti yake mpya. Nilipofika mlikuwa wote magotini kwenye matope, mnakamata samaki kwa mikono kati ya mashina ya mihogo.

"Si ulisema maji yatembee?" ukamfokea.

"Nilisema yatembee, Baba! Sikusema yakimbie! Yakizidi nguvu, hata tumbawe hufunga mdomo na matawi huvunjika!"

Mzee Ntakije akasimama na perege mkononi. Mimi nikajua ndoa imekwisha, maana sisi watoto wako hakuna aliyewahi kukupandishia sauti hivyo. Elia naye akajua, akashika mdomo kwa mkono wenye tope.

Ukacheka. Ulicheka mpaka ukakaa palepale kwenye maji na koti la Pasaka.

Usiku ule, tulipokuwa tunakula samaki waliokufa, ukamwambia Mama: "Amenipigia kelele bwawani kwangu mwenyewe, halafu akanibebea ndoo. Mwongezee ugali." Ndiyo ikawa posa. Kesho yake mkaweka mwanzi wa kuingiza maji taratibu, na kwenye tundu la kutolea mkafunga wavu. Perege wakaacha kutweta. Wale waliobaki kwa Mzee Ntakije hatukuwadai, kwa sababu walikuwa wameshakaangwa.

Baba, ulikataa kuja kuona bahari. Ulisema maji yasiyo na ng'ambo huwezi kuyaamini. Na kabla hatujakushawishi, ukaumwa, ukatutoka.

Mwezi uliopita Elia alinivisha miwani ya kuzamia, akanishusha baharini kwa mara ya kwanza. Nimeona, Baba. Upande unaopitiwa na mkondo matumbawe yamejaa, yamenenepa, vinywa viko wazi. Nyuma ya mwamba, maji yanakolala, yamedhoofika, yamevaa vumbi la tope. Nilifurahi mno, nikataka nikupigie palepale nikwambie yule kijana hakudanganya. Nikapeleka mkono kiunoni kutafuta simu. Niko chini ya maji, Baba, napapasa kiuno.

Ndipo nikakumbuka kwamba hata ningeipata, hungepokea.

Nilipoibuka, nahodha wa boti akanitazama. "Miwani inavuja, dada?"

"Inavuja."

Akanipa nyingine. Nayo ikavuja.

Lala salama, Baba. Nakupenda.

Ni mimi, binti yako.