Mtu wa Kutuwekea Kilima

Jumatatu, 3 Machi
Kilimani tangu asubuhi. Makarai matatu ya mchanga, punje chache nyeusi za madini ya bati. Mgongo unauma. Nimemfokea Mama Neema, anaosha haraka haraka, bati inakwenda na maji. Halafu nimempa muhogo wangu. Hajala tangu jana na hasemi, yule mjinga.

Alhamisi, 6 Machi
Bwana wa serikali amekuja kutoka Mbarara. Viatu safi. Anasema serikali inataka kukuza uchimbaji, watu wasichimbe tena kama panya. Tutaandikishwa. Imetuletea mwekezaji.

Banamama wenzangu wa kilimani wakanigeukia. Mwekezaji ni nini? Kwetu Kivu sikulisikia neno hilo. Nikawaambia, si ni kuweka? Ni mtu wa kutuwekea fasi yetu, hapa tunapochimba, asije mwingine kuichukua. Vigelegele vingi.

Nikatia kidole kwenye karatasi, mimi wa kwanza. Wote kumi na mmoja wakanifuata. Jina langu najua kuliandika, nilijifunza kanisani. Bwana akasema, "Kidole inatosha, mama."

Jumanne, 18 Machi
Waya. Kilima chote. Askari anasema turudi kambini kwa wakimbizi wenzetu.
Karai langu liko ndani. Naliona.

Ijumaa, 21 Machi
Mbarara. Mlinzi wa ofisi ya yule bwana amekataa kufungua. "Mama, wewe natia kidole mwenyewe. Sasa nalia nini?" Nimemwambia mama yake angemwona angeficha uso.

Nikaenda mtaa wa Ruti, kwa Haji anayetuuzia makarai. Nikamuuliza lile neno. Akanipa chai kwanza. Nikajua ni baya.

"Bibi, mwekezaji hakuwekei wewe. Anajiwekea."

Chai sikuimaliza.

Yule bwana alinisikia. Nilipokuwa nawaeleza banamama alisimama karibu yangu kabisa. Alijua nimekosea. Akatabasamu, akanisogezea wino. Serikali yenye kutaka kukuza madini imeanza kwa kutufukuza sisi tuliokuwa tumeinama tukiyachimba. Waya nauchukia. Lile tabasamu nalichukia zaidi.

Jumapili, 23 Machi
Baada ya ibada nimewaambia wote. Neno nililigeuza mimi. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Wawili wameondoka bila kuniaga.

Mama Neema amekuja jioni. Hakutaja kilima. Ameketi chini, ameniuliza jina lake linaandikwaje. Nimemwonyesha kwa kijiti kwenye vumbi. Herufi E yake imetazama nyuma.

Nimemwambia, rudia.
Amerudia.